Bi Nyundo na Mawe Yaliyooshwa

Wasikilizaji wapendwa, leo sina muziki wa kuanzia. Juzi tumemzika Bi Nyundo. Mnivumilie nikikaripia.

Bi Nyundo alikuwa mtafiti wa miamba. Jina hilo alipewa na mume wake, fundi cherehani, maana mama huyu alikwenda hata harusini na nyundo ndani ya mkoba. "Wenzake wanabeba poda," mzee ananiambia, "wangu anabeba chuma. Ningethubutu kugombana naye?"

Kazi yake ilikuwa hii. Kuna mahali sakafu ya bahari inazama polepole chini ya nchi kavu. Inazama na maji yake, na maji hayo husababisha miamba ya huko chini iyeyuke. Mwamba ulioyeyuka ndio magma. Magma ikipanda hadi juu, volkano inalipuka. Bi Nyundo aliuliza swali moja tu: inachukua muda gani kupanda?

Alihangaika na mlima mmoja maisha yake yote ya kazi. Kila jiwe alilipaka nukta nyeupe, juu yake akaandika namba kuonyesha limetoka tabaka gani. Alikata kipande, akakisaga mpaka mwanga ukapita, akakitazama kwa hadubini, akikadiria muda kwa jinsi fuwele zake zilivyokua. Jibu likaja: magma ya mlima ule hupanda kwa siku chache. Siku chache, wasikilizaji, si miezi! Na chini ya mlima kuna nyumba, shule na soko.

Wataalamu wenzake hawakuamini. Wakataka wayapime mawe yenyewe. Ni haki yao.

Lakini Bi Nyundo akiwa mlimani, ikatangazwa ziara ya wakubwa. Mkuu wa taasisi aliyofanyia kazi akaingia ghala la mawe yake, akakunja pua kwa vumbi, akaagiza mawe yaoshwe. Yakasuguliwa kwa sabuni na brashi ya waya, yakang'aa kama vyombo vya bibi harusi. Namba zote zikaenda na maji. Na mkuu huyo naye amesomea miamba. Nasema tena: amesomea miamba.

Binti wa Bi Nyundo anakumbuka: "Mama alikuta ghala linanukia sabuni. Akakaa juu ya ndoo. Akaniuliza, 'Mwanangu, lipi la juu, lipi la chini?' Nililia."

Bi Nyundo aliomba gari na wasaidizi akaanze upya. Mkuu akamjibu, "Dada, mawe yamejaa mlimani, utaokota mengine." Akaenda peke yake, magoti yakagoma, akarudi na maradhi ya kifua yaliyombana mpaka kufa. Utafiti wake ukakataliwa.

Mazishini mkuu alimsifu mpaka jua likatuchoma. Mzee fundi akaninong'oneza, "Akimaliza nitapiga makofi, kwa sababu amemaliza." Nilicheka, kisha nikaona aibu, kisha hasira.

Mzee wetu fundi, na wewe binti yetu, poleni sana. Hakuna neno la kuziba pengo hilo, nami sitajifanya ninalo.

Na ninyi mnaonisikiliza kutoka chini ya mlima ule, tafakarini. Mmeambiwa na wataalamu mtapata onyo miezi kabla. Bi Nyundo alisema siku chache, na hatuna tena jiwe la kuamua nani mkweli. Leo hii, kabla ya chakula, waonyesheni watoto wenu njia ya kukimbilia.