Mama Mengineyo, Aliyelisimamia Bonde

Juzi Alhamisi, tarehe 6 Juni 2024, kikao cha baraza la madiwani kilifika kwenye ajenda ya mwisho, mengineyo. Mwenyekiti aliinua macho kutoka kwenye karatasi zake, akalitazama benchi la nyuma kabisa, lile la karibu na mlango ambalo mguu wake mmoja umekazwa kwa waya. Halikuwa na mtu. Waliokuwepo wanasimulia kwamba alikaa hivyo kwa muda, kalamu mkononi, kama anayesubiri mgeni aliyechelewa. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Hakuna?" Madiwani walitoka mapema kuliko walivyozoea, wala hakuna aliyefurahia kutoka mapema.

Marehemu, ambaye madiwani walimpa jina la Mama Mengineyo naye akalipokea bila kinyongo, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1956 katika nyumba iliyoko chini kabisa ya bonde, pale mto unapokata kona. Alikuwa kifungua mimba wa mkulima wa vitunguu na mshona nguo. Mama yake alikuwa akisema kwamba mtoto huyu hakujua kulia. Akitaka kitu, alikuja kusimama mbele ya mtu na kumtazama, mpaka mtu achoke.

Mwaka 1964 alianza shule ya msingi iliyokuwa upande wa pili wa mlima. Kila asubuhi aliupanda mlima ule wa mawe, ambako hata magugu yanasita kuota, na kila mchana aliushuka kurudi kwenye weusi wa udongo wa bondeni. Tofauti ya sehemu hizo mbili aliijua kwa nyayo kabla hajafundishwa darasani. Baada ya sekondari aliingia chuo cha kilimo, akahitimu mwaka 1978, na mwaka huohuo akaajiriwa na halmashauri kuwa bibi shamba. Aliifanya kazi hiyo hadi alipostaafu mwaka 2011. Alikwenda kwa wakulima kwa baiskeli, hakupenda kuletewa kiti, na ushauri wake aliutoa akiwa amechuchumaa, mkono mmoja ukiwa ndani ya udongo.

Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa na fundi wa pampu za dizeli, kijana aliyemjia shambani kutengeneza mashine na kuondoka akiwa amesahau spana zake zote. Walijaliwa watoto watatu. Kwa miaka mingi chakula cha nyumba ile kilitokana kwa sehemu kubwa na pampu kuharibika. Hivyo marehemu alipoanza kuwaomba madiwani walete pampu za jua, mumewe alikuwa akiwaambia wateja wake, "Wenzangu wanafukuzwa kazi na mabosi. Mimi nafukuzwa na mke wangu, tena asubuhi ananipikia uji." Naye mkewe akimsikia hujibu kutoka jikoni, "Jua nalo linahitaji fundi, baba. Kajifunze." Akaenda kujifunza.

Shauri hilo la pampu ndilo lililomfikisha kwa wanasiasa, na safari ya kwanza ilimwendea vibaya. Mwaka 2012, yeye na kikundi cha wakulima waliwaalika madiwani kutembelea bonde. Kama alivyo mkulima yeyote mwenye mgeni, walichagua wakati shamba linapopendeza: mvua zimekolea, vitunguu vimesimama kijani, maji yanapita yenyewe kwenye mifereji. Walifagia hadi vijia. Madiwani walifika na viatu vyao vizuri, wakatazama huku na huku, na diwani mmoja mfanyabiashara akasema, "Jamani, hapa mbona peponi? Pampu ni ya kumwagilia nini?" Wakafungiwa vitunguu, wakaondoka wakishukuru. Ombi likafa palepale.

Wenzake walilaumiana jioni nzima. Yeye akasema, "Tumewaonyesha harusi. Hatukuwaonyesha ndoa."

Mwaka uliofuata aliwaita tena, safari hii kiangazi, adhuhuri, wakati mto umebaki uzi na dizeli imewashinda wakulima bei. Hakuandaa hotuba. Kila mheshimiwa alipewa ndoo na tuta moja la vitunguu, kwa maelezo kwamba mazungumzo yataanza tuta likishalowa. Yule diwani mfanyabiashara, ambaye leo ni rafiki wa familia hii na ameturuhusu kulisimulia jambo hili, alifika nusu ya tuta akakaa chini, shati limemgandama.

"Mama, umetukomoa."

"Bado nusu, baba."

"Nikimaliza nitakufa."

"Hufi. Mwenye tuta hili ana miaka sabini na ushee, na jana alimwagilia matatu."

Pampu ya kwanza ya jua iliingia kwenye bajeti ya mwaka ule. Tangu hapo, diwani yeyote mpya aliyetaka kuzungumza naye habari za kilimo alijua kwamba kuna tuta linamsubiri.

Kazi kubwa ya maisha yake ilikuja baadaye, na ilikuja kwa sura ambayo wengi hawakuitegemea. Mwaka 2018 kampuni moja ilileta kwa halmashauri mpango wa kutandaza paneli za umeme wa jua juu ya bonde lote. Ardhi ni tambarare, iko karibu na barabara, na nguzo za umeme zinapita hapohapo. Wakulima wangelipwa fidia na kuondoka. Madiwani wengi walidhani marehemu angekuwa wa kwanza kupiga makofi.

"Si wewe uliyetusumbua na jua, mama?" mmoja alimuuliza mlangoni mwa ofisi. "Sasa jua limekuja."

"Limekuja na kunikuta kitandani kwangu, mwanangu. Mwambie likalale kule juu kwenye mawe. Kule halina wa kubanana naye."

Hilo ndilo alilolidai kwa miaka karibu mitatu: paneli zipandishwe mlimani, bonde liendelee kulimwa, na sehemu ya umeme isukume maji ya wakulima. Mwananchi haruhusiwi kusema ndani ya kikao cha baraza, naye kanuni hiyo hakuivunja hata mara moja. Ilipofika mengineyo, alisimama tu.

"Mama, keti," mwenyekiti alimwambia siku ya kwanza.

Hakujibu, maana kujibu ni kusema. Alibaki amesimama, mkoba kifuani. Karani akafunua kanuni, akafunua tena, akanong'ona kwamba kusimama hakukukatazwa popote. Mwishowe diwani mmoja akanyoosha mkono: "Mheshimiwa mwenyekiti, naomba nimuulizie yule mama jambo lake, ili tuweze kwenda nyumbani." Ikawa hivyo kikao baada ya kikao. Walicheka, wakakasirika, wakazoea, na hatimaye wakaanza kuuliza maswali ya maana. Tarehe 18 Machi 2021 baraza lilipiga kura kuhamishia mradi mlimani. Siku hiyo marehemu aliketi kwenye mengineyo, na mwenyekiti akamuuliza kama anaumwa.

Kuumwa kulikuja kweli mwishoni mwa mwaka 2022. Miguu ilianza kuvimba, na vipimo vikaonyesha kwamba moyo umepanuka. Daktari alimkataza kusimama muda mrefu. "Nimebakiza ajenda moja," alimjibu, na akaendelea kuhudhuria, akisimama kwa fimbo, kisha kwa bega la binti yake. Paneli zilianza kazi mwaka 2023. Mashamba ya upande wa juu wa bonde yalipata maji. Bomba la mashamba ya chini halijafika, na hiyo ndiyo ajenda aliyoibakiza. Alilazwa mwezi Mei mwaka huu, na Jumatatu, tarehe 3 Juni 2024, saa mbili asubuhi, alifariki dunia, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Neno lake la mwisho lililosikika vizuri lilikuwa swali: maji yamefika wapi?

Waheshimiwa madiwani mliokuja leo, kaeni kwa amani. Marehemu alikuwa na msimamo mmoja ambao hakuuvunja: hakumwomba mwanasiasa kitu chochote msibani. Alisema mtu akiwa msibani hawezi kukataa, na anachokubali pale hukisahau akishavua nguo za msiba. Familia inauheshimu msimamo huo. Hatuombi kitu. Tunawaarifu tu kwamba kikao kijacho ni Alhamisi, tarehe 4 Julai, na binti yake ameshaukaza upya mguu wa benchi.

Marehemu ameacha mume, binti mmoja ambaye ni mwalimu, wana wawili, mmoja fundi umeme na mwingine mkulima katika shamba lilelile la kona ya mto, wajukuu saba, na mdogo wake wa kike. Mwenyezi Mungu ampe pumziko jema, maana kwa kusimama amesimama vya kutosha.

Wengi mmeuliza kwa nini tumewapandisha huku juu juani, na kwa nini vijana walichimba kwa mtaimbo. Aliagiza mwenyewe. Alisema kaburi bondeni linakula matuta mawili ya vitunguu. Analazwa hapa mlimani, kwenye mawe, nyuma ya safu ya mwisho ya paneli.