Gunvor Tegelmark na Nyundo ya Droo ya Tatu

Ijumaa tarehe 27 Juni 2025, saa tisa alasiri, Bi Gunvor Tegelmark atazima kompyuta yake na kustaafu, baada ya kuitumikia idara yetu ya fizikia ya ulimwengu kwa miaka thelathini na minane. Tunamwomba azime ya mezani tu. Mwaka 1996 alizima na ile kubwa ya idara nzima, iliyo ghorofa ya chini, na jambo hilo alitusihi tusilitaje kamwe.

Alikuja mwaka 1987 kuandika programu, kwa mkataba wa miezi sita. Uzamivu aliuanza, akauacha mama yake alipougua, wala hakuurudia. Maprofesa wanne wamekuja na kuondoka, Gunvor yupo tu, na programu tunayojivunia mbele za watu ni ya mkono wake.

Wanasayansi wengi huukokotoa ulimwengu kana kwamba vitu vyote vimekorogwa vikawa uji laini. Sisi tunauliza: ukiwa ni mashimo meusi matupu, yale yanayomeza hata mwanga, na katikati hamna kitu, utatanuka vilevile? Basi tunaunda kisanduku, tunatia mashimo, kisha tunakirudia pande zote bila mwisho. Mgeni akileta ule mfano wa ulimwengu kama mkate unaoumuka, zabibu zake zikiachana, Gunvor humkata kauli: "Mkate gani, rafiki yangu? Hapa unga hamna. Ni zabibu tupu!"

Kwetu, wiki tatu kabla ya kutetea tasnifu, mtahiniwa huipigilia msumari ubaoni pale ukumbini, hadharani, ili anayetaka aisome na kuipinga. Nyundo hutoka droo ya tatu ya Gunvor. Watahiniwa arobaini na mmoja wameiazima. Tasnifu yake mwenyewe haijawahi kugusa ubao ule.

Mimi nilikuwa wa ishirini na tisa, Oktoba 2014. Tasnifu yangu ilidai makubwa: kwamba ulimwengu wa mashimo hutanuka polepole kuliko ule wa uji, kwa asilimia kumi nzima. Niliipigilia Jumatatu kwa mbwembwe zote. Jumatano, wakati wa kahawa ya asubuhi, Gunvor alinijia na karatasi zilizojaa hesabu za penseli. "Torkel, liache hilo andazi. Tumeharibu."

Shimo lililokaa kwenye ukuta wa kisanduku ni la visanduku viwili, nusu huku, nusu kule. Programu yetu ilikuwa ikikipa kila kisanduku shimo zima. Kwa hiyo ule uji tuliojilinganisha nao ulikuwa mzito kupita kiasi, na katika hesabu hizi kilicho kizito zaidi hutanuka upesi zaidi, basi ukatanuka kwa kasi kuliko ilivyostahili, na sisi tukaonekana tunajikokota. Asilimia kumi yangu ilikuwa hewa. Jamani! Miaka mitano ya kazi!

Kipande kile cha programu alikiandika yeye, mwaka 2003, na hakuna mwingine aliyelijua kosa. Profesa wetu wa wakati ule alishauri tunyamaze, nitetee kwanza, turekebishe baadaye polepole. Gunvor alikataa. "Msumari tuliupiga mbele za watu," alisema. "Na kosa litapigwa msumari mbele za watu."

Saa tisa alasiri siku ileile, kwenye kahawa ya pili, watu wote wakiwa na vikombe mkononi, alitoa nyundo na kupigilia ukurasa mmoja chini ya tasnifu yangu: "Kosa ni langu, si la Torkel," na jina lake kamili. Alipigilia kwa haraka hadi akajigonga kidole. Mwaka ule alitarajiwa kuwa mkuu wa kitengo cha kompyuta. Nafasi akapewa mwingine, naye hakulalamika hata siku moja.

Siku kumi na nane zilizobaki tulikaa pamoja kurudia kila kitu. Mashimo yakiwa machache, tofauti ipo, ndogo. Yakiongezwa, inazidi kupungua. Jibu lilikuwa la kawaida mno, lakini la kweli. Profesa aliyeletwa kunipinga alinibana saa nzima juu ya ukurasa ule wa ubaoni, nikapita. Nilimkumbatia Gunvor nikilia, naye akaniambia niache kumlowesha sweta.

Gunvor, mimi nina shahada hii ya uzamivu kwa sababu wewe hukujificha. Sijawahi kukuambia hivyo, kwa hiyo nakuambia leo. Tunakutakia afya, usingizi mrefu, na bustani isiyo na hitilafu.

Ijumaa usioke yale maandazi yako ya iliki. Tutaoka sisi, utuvumilie. Lile daftari lako la kijani, kurasa mia tatu na kumi na mbili za kuieleza programu, tumelichapa kitabu chenye jina lako. Nafasi ubaoni ipo, na nyundo tumeshaitoa droo ya tatu. Safari hii humwazimi mtu. Utakipigilia mwenyewe, sote tukitazama. Angalia kidole tu.

Torkel Ryding, mtahiniwa wa ishirini na tisa