Ukweli Kuhusu Saruji ya Ukuta wa Kaskazini

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza la Kijiji chetu cha Thrandley, Bi Rosalind Tuddenham, Mchungaji Peverell, Bwana Mkaguzi wa majengo ya kale, uliyetoka Ipswich kuja kutuhangaisha na leo unakula keki yetu bila aibu, majirani na mafundi wenzangu, na wewe Bi Honor Kerridge, mwenye nyumba na mwenye siku: nawasalimu nyote, na mvua nayo iningoje nimalize.

Nimepewa dakika tano. Mnanijua mimi Clement Borrett. Miaka hamsini nimekuwa fundi lipu hapa kijijini, na hakuna aliyewahi kuniona nikimaliza kazi kwa muda nilioahidi.

Hebu itazameni nyumba hii. Nani amewahi kuona ukuta wake mmoja ulionyooka? Walioijenga, zaidi ya miaka mia nne iliyopita, waliukata mwaloni ungali mbichi, wakaupachika kiungo kwa kiungo, wakaukaza kwa vigingi vya mti bila msumari hata mmoja, kisha wakauacha ukaukie papo hapo na kujipinda unavyotaka. Ndiyo maana ukiweka chungwa sakafuni kule ghorofani, upande wa dirisha, utaliokota mlangoni. Kila kiungo kimechanjwa namba kwa patasi, kwa sababu waliunganisha kila kitu kwanza chini uwanjani, wakakifungua, ndipo wakakisimamisha hapa. Na fundi mmoja, Mungu amrehemu, alikosea kuhesabu: chumbani kwa Bi Honor nguzo ya saba imesimama mahali pa nane, na ya nane mahali pa saba. Nilipoiona nilifurahi kupita kiasi. Nilijua siko peke yangu.

Kati ya nguzo na nguzo walisuka fito, wakazikandika kwa udongo uliochanganywa na nyasi kavu na samadi ya ng'ombe, wakapaka chokaa juu yake. Ukuta wa namna hiyo unapumua. Maji yakiingia, upepo unayatoa.

Sasa, mnakumbuka miaka mitatu iliyopita? Ukuta wa kaskazini ulianza kuinama, akaja Bwana Mkaguzi na kisu chake cha mfukoni, akakichomeka kwenye boriti ya chini, kikazama hadi kwenye mpini. Akasema, "Mama, hapa hapalaliki tena." Bi Honor, aliyeingia nyumba hii akiwa bibi harusi, akahamia kwa mwanawe mjini, orofa ya tatu, mahali ambapo, kwa maneno yake mwenyewe, hata kuku hawezi kuzeeka kwa heshima. Nani kati yetu alikuwa na hakika kwamba atarudi?

Lakini mlikuja, jamani! Maseremala waliukata mwaloni uliooza wakaunga mpya, na ninyi mkavua viatu mkaukanyaga udongo na samadi majuma sita mazima. Bi Rosalind alipandisha sketi akawashinda vijana. Mchungaji alianguka mara mbili, na maneno aliyoyatamka mara ya pili hayamo katika kitabu chochote cha sala.

Na kwenye ratiba hii mmeniandika "mwokozi wa nyumba". Hapana, ndugu zangu. Hilo silipokei.

Kila mtu anajua kwamba ni mimi niliyeupiga lipu ya saruji ukuta ule wa kaskazini, mwaka wa sabini na nane. Na kila mtu husema hivi: "Ni Hubert Kerridge aliyetaka njia ya mkato, ubahili wake ndio ulioiozesha nyumba." Hata Bi Honor, mkewe, husema hivyo. Leo nataka mnisikie vizuri. Hubert alisimama pale penye pipa la maji akaniambia, "Clem, baba alipaka chokaa, babu alipaka chokaa, na mimi nipakie chokaa." Nami, kijana wa miaka ishirini na sita mwenye mashine mpya ya kuchanganyia saruji, nilimcheka. "Chokaa ni ya vibanda vya kuku, Hubert! Mimi nakupa ukuta wa miaka mia." Alikataa siku mbili. Siku ya tatu akaenda mnadani kuuza kondoo, na aliporudi, ukuta ulikuwa umeshafunikwa wote. Aliutazama weee, kisha akasema, "Haya, wewe ndiye fundi," akaniletea chai. Hakumwambia mtu.

Maji yaliingia kwenye nyufa za saruji yangu, yakakosa pa kutokea, yakakaa juu ya boriti miaka arobaini. Hubert ametutoka miaka tisa sasa. Na lawama zilipomwangukia marehemu, mimi nilinyamaza. Tena pale baa nilikuwa natikisa kichwa kukubali. Naona haya, na haya hiyo nimeistahili.

Bi Honor, mumeo alikuwa sahihi, na mimi nilikuwa na kiburi. Nisamehe.

Unasemaje, mama? Paza sauti, wa nyuma hawasikii. Anasema, "Clem, mpumbavu we! Miaka mitatu kila Jumapili nampelekea maua, na kila Jumapili namgombeza mpaka namaliza pumzi!"

Chekeni tu, hata yeye anacheka. Anafuta machozi pia, na mimi hivyo hivyo.

Haya, ufunguo huu hapa, mama, fungua nyumba yako. Hutaki? Anasema mlango utangoja. Anasema nimpe mkono twende kwanza makaburini, na huko nitangulie mimi kusema, kwa sababu radhi anayotaka kuomba yeye ni ndefu kuliko yangu.

Basi nawashukuru kwa kunivumilia hadi hapa. Anzeni chai, msitungoje. Sisi tunakwenda kwa Hubert.