Mchanga Usio na Bahari

Basi la kutoka Apia, mji mkuu wa Samoa, kwenda uwanja wa ndege lilijaa pomoni, kwa hiyo Masina akapakatwa na bibi asiyemjua, kama ilivyo ada ya mabasi ya huko. Tavita, abiria wa kiti cha nyuma, akatega sikio bila kualikwa.

“Bibi, darasa zima tunakwenda Yordani, jangwani! Na sote tumefungasha nguo za kuogelea. Tuliambiwa mchanga mwingi, tukajua ni ufukweni! Jana ndipo mwalimu akatwambia huko jangwani hakuna bahari!” Masina akacheka mpaka bibi naye akatikisika.

“Majuha nyie! Sasa mjukuu wangu, basi la huko likijaa, utapakatwa na nani?”

Kicheko kikakatika. Hilo mwalimu hakulisema.

Basi likasimama uwanja wa ndege, Tavita na abiria wengine wakashuka, dereva akazima injini.

“Shuka, mwanangu, mguu umekufa ganzi.”

“Dakika moja tu, Bibi.”