Kokoto za Kupokelea Wakwe

Kijiwe chetu cha Mpanda kiko jirani na stesheni, benchi moja la mninga na birika la kahawa, na kinatazamana na uwanja wa Melkiadi. Jumamosi wakwe zake wa Kisukuma wanaleta mahari ya Scola, binti yake wa kwanza, na Melkiadi ameapa hakuna mgeni atakayekanyaga tope kwake. Anataka kumwaga kokoto uwanja mzima. Sisi tunamkadiria kiasi cha kuagiza, maana Scola amekulia machoni petu na aibu ya baba yake ni yetu sote. Bahati mbaya wataalamu tulionao ni wawili tu: Lami, aliyeshika kibendera wakati barabara inajengwa, na Tani, mpakia mizigo ya treni.

Lami: Tripu mbili za Fuso. Nimepima kwa macho.

Tani: Macho yako yamezoea kibendera. Ardhi hii inameza, bwana. Sema tano.

Lami: Haya, tano. Ila wale wanakuja ukoo mzima, na kila mmoja ataondoka na kokoto kwenye soli. Weka saba.

Tani: Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kwa hiyo zije zote siku moja.

Mimi: Hiyo methali umeishika mkiani.

Tani: Nyie mnafikiri kidogo sana. Aagize behewa zima.

Melkiadi: Basi behewa. Simuozeshi Scola kwenye tope mimi.

Alikuwa ameshaweka simu sikioni bodaboda iliposimama. Akashuka Nyamizi, shangazi wa bwana harusi, ametoka Usevya. Tukasogea, akapewa kahawa.

Nyamizi: Nimetumwa nione mahali kabla wazee hawajaja.

Melkiadi: Karibu sana, shangazi. Uwanja wenyewe ule pale. Tunaujaza kokoto.

Nyamizi: Pazuri. Sasa Baba Scola, ng'ombe watasimama wapi?

Tani alichungulia kikombe chake kitupu. Muda wote tulikuwa tunahesabu viatu, tumesahau kwato. Kundi likisimama pale mpaka wazee wakague mmoja mmoja, kokoto zote zitazama kwenye tope lile lile.

Melkiadi alishusha simu. Akautazama uwanja wake, akautazama tena, na kifua kikaanza kupanda chenyewe. Wengi wetu hapa tumeozesha kwa mbuzi na ahadi. Sijawahi kuona mtu akikosa jibu kwa fahari namna ile.