Begi la Gladness

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Baba Mchungaji, Ustaadhi uliyetufungulia shughuli kwa dua, Mzee Alawi na Bi Amne, wazazi wa binti tunayemuaga, wenyeji wetu wa hapa Rau mliotupa ukumbi, na ninyi majirani zangu mliokuja kutoka kule juu ya Sanya Juu na udongo wa kwetu kwenye viatu: nawasalimu kila mmoja kwa heshima yake, na niliyemruka anione wakati wa chakula.

Nimepewa dakika tano. Aliyenipa ananijua, ndiyo maana amekaa karibu na waya wa kipaza sauti.

Mimi ni Elisaria, mwenyekiti wa kijiji na mkulima wa kahawa. Kwa habari ya ndege, elimu yangu ilianzia kwa kuku ikaishia kwa kunguru. Kwa hiyo huyu Ummy tunayemuaga alipokuja ofisini kwangu mara ya kwanza, akanieleza kwamba kazi yake ni kuwafuatilia korongo weupe wanaotoka Ulaya kuja kula panzi kwenye tambarare yetu, nilimpa kiti, nikamtazama vizuri, nikajiuliza moyoni: huyu mtoto, kwao wanajua?

Akanionyesha simu yake. Ndugu zangu, mmewahi kuiona ile ramani? Mstari mwembamba unaanzia kwenye kiota kilichojengwa juu ya nguzo ya umeme huko Ulaya, unashuka kwenye nchi ambazo majina yake ulimi wangu hauyawezi, unaizunguka bahari kwa sababu korongo haipendi kabisa, unavuka jangwa, unaufuata mto Nile, unapita Sudan, unapita Kenya, halafu unaishia, nikavaa miwani kuhakikisha, jirani na shamba langu la maharage. Mimi nikishuka Dar es Salaam siwezi kutoka stendi bila kuuliza njia, na kila ninayemuuliza ananielekeza kwenye biashara yake. Huyu ndege amemuuliza nani? Anaingia kwenye hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini, anazunguka nayo mpaka anakuwa nukta, kisha anatandaza mabawa na kuteleza kuja kusini, siku baada ya siku, na mgongoni amebeba kifaa kidogo kinachokula jua na kuongea na setilaiti, kimefungwa kwa mikanda kama begi la mtoto wa shule. Wazungu walikuwa wamempa namba, wameiandika kwenye pete ya mguuni. Watoto wa shule yetu wakasema namba ni jina la mfungwa, wakamwita Gladness.

Kiangazi cha mwaka jana Gladness alifika salama. Siku nyingi nukta yake ilizunguka huko chini kwenye nyasi. Halafu asubuhi moja nukta ikaanza kupanda mlima. Haikupanda kama ndege. Ilifuata barabara, na kwenye kona ilikata kona. Ikaingia kijijini kwangu, ikaingia kwenye kihamba cha Bibi Yuditha, shamba lake la migomba linalozunguka nyumba, ikazimika.

Mngekuwa ninyi mngefikiri nini? Mkuu wa mradi wa korongo wa wakati ule alifikiri hivyo hivyo. Alikuja na gari, na mimi kama mwenyekiti ikanibidi nivae koti niongozane naye. Bibi Yuditha, kwa msiomjua, ni yule pale mbele mwenye kitenge cha kijani, mjane, anafuga ng'ombe wake bandani kama sisi sote, na benchi la kwanza kanisani ni lake tangu nikiwa mtoto wa kipaimara. Tulizunguka nyuma ya jiko lake. Mkuu wa mradi akaokota manyoya meupe, akayatia kwenye mfuko wa plastiki kwa uangalifu mkubwa. Jogoo mwenye manyoya hayo alikuwa amesimama pembeni, anamtazama.

Ummy hakuokota kitu. Alipiga goti akasema, "Shikamoo bibi. Sikuja kukushitaki. Nataka tu kujua kama hakuteseka."

"Marahaba, mjukuu wangu. Ndege wako sijamwona kwa macho yangu. Lakini siku utakayojua yaliyompata, uniambie mimi kwanza, kabla ya mtu mwingine."

Ummy akaahidi.

Mkuu wa mradi aliandika ripoti, na ripoti ilisema kwamba kwetu korongo wanaliwa. Na kijiji, nanyi mnakijua kijiji, kilisema zaidi ya ripoti. Dukani walimuuliza bibi kama nyama ya Ulaya inakwenda na mtori au na ugali. Walidhani wanatania. Jumapili iliyofuata benchi la kwanza lilikuwa na nafasi, na bibi tulimwona amekaa nyuma kabisa, karibu na mlango, kama mgeni. Mimi nimeishi kwenye mlima huu maisha yangu yote, sijawahi kuona nafasi tupu iliyo kubwa kama ile.

Mvua za masika zilipokaribia, korongo wote wakaondoka. Ndipo simu ya Ummy ikalia. Gladness ameamka, na yuko palepale, kwa Bibi Yuditha.

Ummy alipanda bodaboda peke yake. Hakumpigia mkuu wa mradi, wala hakunipigia mimi, na hilo bado naliuguza. Alimkuta bibi kwenye migomba anatandaza samadi. Nukta ilikuwa inasema hapo, hapo kwenye mgomba. Wakainama wote wawili, binti wa chuo kikuu na bibi yetu, wakachambua samadi kwa mikono, na humo ndani wakakitoa kifaa, kimekanyagwa na ng'ombe, mkanda wake umekatika kwa uchakavu kama ulivyoshonwa makusudi ili ukatike siku moja, na majani makavu yamejisokota humo.

Watu wa mlimani mmeshaelewa. Wa mjini niwasaidie. Kihamba hakina malisho, ndiyo maana kiangazi sisi tunashuka tambarare kukata majani ya ng'ombe na kuyapandisha kwa pikapu. Gladness aliliacha begi lake kwenye nyasi, bibi akalifunga ndani ya mzigo wa majani bila kujua, likapanda mlima juu ya pikapu ya jirani yetu Davis likiota jua, likaingia bandani gizani, likanyamaza, mpaka samadi ilipotolewa nje likaona jua tena.

Jumapili iliyofuata, ibada ilipokwisha, tulikuwa nje kwenye mnada wa mazao ya sadaka. Kabla Mzee wa Kanisa hajanadi mkungu wa kwanza, Ummy, na hijabu yake, alisimama mbele ya Walutheri wote, akakiinua kile kifaa, akaeleza. Hakuna aliyecheka. Bibi Yuditha aliuliza swali moja tu: "Na mwenyewe yuko wapi?"

"Sijui, bibi. Sasa hivi hakuna anayejua."

Mimi neno lile lilinikaa. Usiku na mchana setilaiti ilimtazama yule ndege, nasi tukaanza kuona kama vile inamwongoza. Na sasa alikuwa mahali fulani juu ya jangwa, hana begi, hana nukta, hana anayemwona isipokuwa Mungu aliyemtengeneza.

Wiki zikapita. Halafu ikaja picha: nguzo ya umeme, kiota, na korongo mweupe amesimama kwa mguu mmoja, kwenye mguu pete, na kwenye pete namba yake. Amefika. Ummy akapanda tena bodaboda, kwa sababu aliahidi nani atangulie kuambiwa. Bibi aliitazama picha muda mrefu, akasema, "Mguu unaonekana umechoka." Jumapili akakaa benchi la kwanza.

Ripoti iliandikwa upya, Mheshimiwa, na Ummy aliyeiandika sasa ameitwa akafanye kazi kule kule kwenye viota, mwisho ule mwingine wa mstari. Mzee Alawi, Bi Amne, najua mnavyojisikia. Mtoto wenu anaondoka bila begi la setilaiti mgongoni, na hamtaona nukta. Lakini njia anaijua.

Ummy, Bibi Yuditha anasema ukimwona Gladness umwambie panzi wapo.

Nawashukuru kwa kunivumilia. Dakika zangu zilikwisha zamani, na waya bado haujachomolewa. Kiangazi kikifika, sisi tutakuwa tunaangalia juu.