Rahelamma wa Nyumba ya Mannil na Mtihani Ambao Hakuufanya

Nani kati yenu alijua kwamba huyu tunayemzika leo hakujua kusoma? Msitazamane, wala msimtazame Padri, maana hata yeye, aliyemsifu miaka yote kwa kusoma Zaburi bila kukwama, hakujua, na mimi Suma, binti yake, niliyepewa karatasi hii niisome kwa niaba ya familia, nilikuja kujua nikiwa na miaka hamsini na mmoja.

Marehemu Rahelamma, ambaye sote tulimwita Ammachi, alizaliwa tarehe 12 Machi 1941 katika kijiji hiki hiki, kando ya mto Manimala, mtoto wa tatu kati ya tisa wa mzee Varkey, mgema mpira, na mkewe Eliamma. Mwaka 1946 alipelekwa kwa mwalimu wa kijiji aliyewafundisha watoto kuandika kwa kidole mchangani, akajifunza herufi nne, na alipofika ya tano mama yake akajifungua mapacha, naye akaitwa nyumbani kubeba mmoja. Nimeshauriwa niseme kwamba marehemu alipata elimu kwa kadiri ya nafasi ya wakati ule, lakini hapana, alipata herufi nne.

Tarehe 20 Januari 1958 alifunga ndoa katika kanisa hili na marehemu baba yetu, Ittoop wa nyumba ya Mannil, na kwa miaka arobaini aliamka alfajiri kugema mpira, akagandisha utomvu kwenye sinia, akasukuma shuka za mpira kwenye mashine ya mkono hadi viganja vikawa vigumu kama magome. Walijaliwa watoto wawili, kaka yangu Kuriakose mwaka 1960, ambaye wengi wenu amewafundisha na kuwachapa akiwa mwalimu mkuu, na mimi mwaka 1966, ninayefundisha historia chuoni Kottayam. Baba alifariki mwaka 2003.

Mnajua kwamba katika nyumba zetu taa ikiwashwa jioni, watu wakishakaa mkekani, mmoja wa wakubwa wa nyumba husoma Zaburi. Ammachi alizishika zote kichwani kwa kumsikiliza baba mkwe wake, na akawa anafungua ukurasa pale pale mzee alipozoea kufungua, akilamba kidole vile vile, na tukasema Amina kwa miaka zaidi ya hamsini. Palipotokea fomu au barua, alisema macho yake ni mabovu, na kweli yalikuja kuwa mabovu, na kuanzia tarehe 6 Aprili 2017 akaondolewa mtoto wa jicho katika macho yote mawili, jicho moja likitangulia la pili kwa wiki tatu. Siku ya kupimwa muuguzi alimwonyesha ubao wa herufi.

"Ammachi, unaona nini pale chini?"

"Naona alama sita, mwanangu, ya mwisho ina mkia. Ukiniuliza ni alama gani, hapo umenishinda, mimi sijui kusoma."

Kaka akamvuta ukingo wa shuka lake la begani. "Ammachi, punguza sauti, watu wanasikia."

"Wasikie. Nimepewa macho mapya, nitasingizia nini tena?"

Mwezi uliofuata akajiandikisha katika darasa la watu wazima la mwalimu Ponnamma, yule aliyekaa pale nyuma, linalofanyika Jumamosi na Jumapili mchana katika chumba cha chekechea. Kaka alipinga, akasema haiwezekani mama wa mwalimu mkuu akakae kwenye viti vya watoto, na Ammachi akamjibu mbele yetu sote, "Umefundisha watoto wa kata nzima miaka thelathini, na kila asubuhi ulinipita mimi hapa mlangoni. Viti visikusumbue, makalio yangu ni madogo." Niseme haki, tangu siku hiyo kaka ndiye aliyemchongea penseli.

Haikuwa rahisi, kichwa cha miaka sabini na sita huingiza herufi moja na kutoa mbili, na vidole vyake vilikuwa vimekauka, vinavunja ncha ya penseli kila mstari, kwa hiyo nyumbani alijizoeza kwa msumari juu ya shuka za mpira zikiwa bado laini, mpaka mnunuzi akauliza kama siku hizi tunauza mpira au daftari. Kufikia Krismasi alisoma Zaburi kwa macho yake, polepole, akagundua kuna mistari ambayo hakuwahi kuisema. "Kumbe mzee alikuwa anairuka," akasema. "Mvivu yule! Na mimi nikarithi uvivu wake."

Alitaka jambo moja tu, afanye mtihani wa darasa la nne, apate cheti chenye jina lake, akitundike ukutani chini ya vyeti vyetu. Mtihani uliahirishwa kwa mafuriko ya Agosti, ukapangwa Jumapili tarehe 4 Novemba 2018, naye ndiye angekuwa mtahiniwa mzee kuliko wote wilayani, na mpigapicha wa gazeti alikuwa anakuja. Alivaa nguo yake nyeupe ya kanisani, akakaa barazani na penseli tatu tangu saa mbili asubuhi, akiisubiri bajaji ya mwalimu, kisha akaambiwa mtihani umeahirishwa tena, akavua nguo, akaikunja. Wiki hiyo ikasemwa kijijini kwamba Ammachi wa Mannil akili zimemtoka, habari ikazunguka parokia nzima, ikaingia nyumbani kwetu ikiwa tayari jambo linalojulikana, na kila alipouliza mtihani ni lini, walimjibu kwa upole ule tunaowapa watoto.

Asubuhi ya tarehe 17 Januari mwaka huu, wifi yangu Leelamma alimpelekea vidonge vyake vya kisukari. Kaka naye ana kisukari, vyake ni vikali zaidi, na ameandika jina la kila mtu kwenye kopo lake. Ammachi akasoma, akasema, "Hivi si vyangu, hapa pameandikwa Kuriakose." Leelamma, ambaye ameniomba niliseme hili maana yeye kinywa hakifunguki, akamwambia, "Meza tu, Ammachi, usijichoshe." Akameza, kabla hajala kitu. Saa nne sukari ilimshuka, akaanguka jikoni, akavunjika nyonga, hospitalini akapata nimonia, akafariki Jumatano tarehe 6 Februari 2019, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka sabini na saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye siku ishirini, majirani waliotupikia uji na mihogo, walimu wenzake kaka, na wale wanafunzi wenzake kumi na mmoja waliokuja leo na daftari zao. Mwenyezi Mungu akupumzishe, Ammachi.

Karatasi niliyopewa inaishia hapo. Leelamma, usilie hivyo, ulimwamini aliyekuambia, na aliyekuambia aliamini kijiji. Mwalimu Ponnamma, Jumapili ile ulifika getini na bajaji, ukamkuta mtu amekuzuia njia, ukaenda zako unalia, ukawaomba watu wamwombee Ammachi. Mimi katika ukurasa wa kwanza wa tasnifu yangu nimeandika kwamba nimelelewa na mama msomaji, nimelisema hilo kwenye kumbi kubwa, nikapigiwa makofi, na asubuhi ile nikawaza lile gazeti likiwa mikononi mwa wenzangu wa chuoni. Ammachi alikuwa hatua ishirini nyuma yangu, na penseli zake tatu, akili zake timamu kuliko zangu, na mimi ndiye niliyekuambia kwamba zimemtoka, kisha nikarudi barazani nikamwambia yeye kwamba mtihani umeahirishwa.